Sampo la Shabani

Mama alipofariki, mdogo wangu Shabani hakuuliza habari ya sanda wala ya kaburi. Alinipigia simu nikiwa nyumbani kwangu Kimara, nimeshika kanga ninayoikunja, akasema, "Mama ametutoka," kisha akauliza kwa sauti ya mtoto: "Dada, nani atakuja kutupikia?" Mtu mwingine angedhani amechanganyikiwa. Mie nilimwelewa pale pale, na nikachukia kwamba nimemwelewa. Shabani sasa ni mtu mzima mwenye mvi na kitambi, anaendesha gari polepole mpaka bodaboda wanampigia honi wampite. Lakini swali lile lilikuwa la kijana aliyekuwa yeye mwaka mmoja wa zamani, mwaka ambao mie na yeye hatujawahi kuuzungumza tukaumaliza. Njia nzima hadi Temeke nilikuwa nauzungumza peke yangu, na dereva wa teksi alinitazama kwenye kioo mara kadhaa.

Mwaka ule tulikuwa sie watatu katika nyumba ya vyumba viwili na stoo. Stoo ilikuwa kubwa kuliko vyumba, na haikuwa yetu. Mama alikuwa mtunza vyombo wa kikundi cha kufa na kuzikana cha wanawake wa mtaa, na humo ndani mlikaa mikeka, sahani, miiko mirefu kama makasia, na masufuria ya shughuli yaliyopangwa kutoka dogo hadi kubwa. Kubwa kabisa waliliita Jumbe. Lilikuwa nene, zito, halibebwi na mtu mmoja, na lilikuwa limelisha watu waliotoka kuzika tangu kabla mie sijajua kusoma. Stoo ilinuka moshi, pilipili manga na mafuta yaliyoganda, na mie niliyelala chumba cha jirani nilinuka hivyo hivyo hadi kazini. Kuna wanawake wenye dhahabu. Mama alikuwa na ufunguo. Aliufunga kwenye pindo la kanga, na akitembea ulimgonga pajani. Akipita, wanawake wenziwe walimwita kwa heshima, maana kila mmoja alijua kuwa siku yake ikifika, ni ufunguo ule utakaofungua stoo. Mama mwenyewe alikuwa akisema hana hofu ya kufa, kwa sababu anajua nani atakuja kumpikia.

Uani, chini ya bati, ililala gari ya Shabani, Mark Two nyeupe iliyokwanguliwa kila kisicho na kazi ndani: viti vya nyuma, zulia, hata redio. Shabani alikuwa fundi, tena fundi mwenye mkono, lakini roho yake ilikuwa kwenye dragi, zile mbio za kunyooka ambazo gari mbili zinasimama sambamba na kuondoka kama zimefukuzwa, na zikishamaliza hujapata hata nafasi ya kukohoa. Mama aliita gari ile "mkwe". Asubuhi akitoka kuosha uso aliuliza, "Mkwe kaamkaje?" na Shabani alijibu kwa uzito kabisa, "Ana homa, mama." Homa yenyewe ilikuwa ya giaboksi. Gari ilikuwa otomatiki, na gari otomatiki ikiondoka kwa nguvu kiasi kile, oili ya giaboksi inakimbilia nyuma yote, filta inabaki inavuta hewa, na gia zinateleza. Ikirudiwa mara mbili tatu, oili inachemka na kunuka kama mkate ulioungua. Dawa yake ni sampo la kina. Sampo ni lile bakuli linalofunika tumbo la giaboksi kwa chini na kubeba oili. Likiwa na kina zaidi, oili inakuwa nyingi, inapoa, na filta haibaki mdomo wazi. Nayajua haya kwa sababu mwaka ule nilikuwa nauza spea kwenye duka la Temeke, na wanaume waliokuja kunidharau kaunta waliondoka na gasketi sahihi.

Mjadala wa sampo ulichukua chakula cha jioni cha msimu mzima. Nakumbuka dagaa, mchicha wa nazi, ugali katikati ya mkeka, na Shabani akichora kwa kidole kwenye unga uliomwagika. Kuagiza lililotengenezwa nje hakukuwezekana. Yaliyokuwepo kwenye vitabu vya watu wa nje yalikuwa ya giaboksi nyingine kabisa, matundu ya bolti hayakulingana. Zikabaki njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kukata sampo la kiwandani na kuliongezea mkanda wa bati la chuma kwa kuchomelea. Ya pili ilikuwa kuyeyusha alumini na kumwaga jipya.

"Chuma, Shabani," nilimwambia. "Chuma kikigonga tuta kinabonyea. Alumini inapasuka."

"Dada, chuma ukikichomelea kinapinda mdomo. Litavuja kila siku. Halafu alumini inapoa haraka, naweka na mapezi chini, upepo unapita."

"Na matuta unapita vipi? Utabebwa?"

"Napita polepole kama bibi harusi."

Mama alicheka mpaka akapaliwa. Mie sikucheka, kwa kuwa nilishaona yuko wapi. Alikuwa hachagui tena, alikuwa anatafuta wa kumkubalia. Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwachia alumini yake, nikasema nitamtafutia filta na kumrefushia mdomo ufike chini, maana sampo la kina bila hivyo ni kisima kisicho na kamba.

Kule Keko, nyuma ya karakana za vitanda na makabati, alikuwepo fundi Lauriani, mtu wa bara aliyekuwa akiyeyusha alumini chakavu na kumwaga masufuria kwenye udongo. Kwanza seremala jirani yake alichonga sampo la mbao, la kukandamiza kwenye udongo liache umbo, akifuata lile la zamani kwa kila tundu, ila kina chake akakiongeza kwa vidole vinne. Lilikuwa zuri hata la kuwekea maua. Shabani akalifunga kwa waya chini ya gari ili tujue kama litapita kwenye tuta la kuingilia mtaani kwetu, tuta refu lililojengwa na wananchi wenyewe baada ya mtoto kugongwa. Mama alikuwa amekanda chapati. Shabani akaomba donge, akalisimamisha juu ya tuta, akapita na gari juu yake taratibu, peke yake ndani, mtaa mzima umetoka kuangalia. Tulipoinama, donge lilikuwa limebonyea lakini limebaki na unene wa kidole. "Linapita!" akapiga kelele, na watoto wakapiga kelele naye. Mama alilidai donge lake, akalipangusa mchanga, akasema hawezi kutupa unga kwa ajili ya mkwe. Nimelifikiria donge lile maisha yangu yote. Kipimo kilikuwa sahihi, ila kilipimwa gari ikiwa tupu.

Sampo la kwanza lilikuwa balaa. Lauriani alilimwaga kwa chakavu cha makopo na pistoni, na lilipopoa, matundu ya bolti hayakukutana na ya giaboksi. Yalikuwa yameingia ndani kidogo, upande mmoja zaidi ya mwingine. Alumini inanywea ikipoa, na Lauriani alilijua hilo, lakini katika kazi ya masufuria halikuwahi kumhusu, kwani mfuniko nao unanywea pamoja na sufuria lake na wote wanabaki na furaha. Tena lilipotiwa oili kujaribiwa lilitoka jasho, vitone vyekundu vikijitokeza ukutani bila tundu linaloonekana. Shabani alikaa juu ya gogo akalitazama kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake. Lauriani akamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Seremala ataongeza mbao kidogo pande zote, na yeye atafutiwe alumini bora, nzito, ya zamani, isiyo na takataka za makopo.

Wiki zile zile Jumbe lilikuwa limepasuka sikio. Mama hakuwa mtu wa kuacha chombo kilema, na kwa kuwa Shabani alikuwa haishi kwenda Keko, akampa alipeleke kwa Lauriani likazibwe. Anayesoma hapa ameshajua kilichotokea. Sie nyumbani hatukujua. Nilichokiona mie ni sampo la pili likiingia uani limefungwa kwenye gunia, zito, linang'aa, mapezi yamenyooka, mdomo umekaa sawasawa kwenye giaboksi bolti zote zikaingia kwa vidole. Nilikuwa na wivu nalo, nakiri, maana nilitaka lishindwe. Nikauliza alumini ya wapi. "Ya zamani, dada," akasema akiwa chini ya gari, sikuuona uso wake. Na jioni moja nikiwa napembua mchele nilimsikia mama mlangoni akimuuliza, "Jumbe halijapona tu?" na yeye akajibu, "Bado, mama, fundi ana foleni." Baadaye alikuja kuniambia alichokuwa amepanga: ashinde kwanza, kisha Lauriani amwage Jumbe jipya, zuri kuliko la kwanza, na mama asijue kamwe. Mtaani kwetu ilikuwa imepita miezi mingi bila msiba mkubwa. Kijana wa umri wake alidhani miezi ile ilikuwa inamsubiri.

Mbio zilikuwa Jumamosi, kwenye barabara mpya upande wa Kinyerezi ambayo ilikuwa haijafunguliwa. Ijumaa baada ya magharibi akafariki mume wa Bi Kidawa, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mrefu aliyekuwa rafiki wa mama kuliko dada zake wa kuzaliwa. Maziko yakapangwa Jumamosi adhuhuri. Asubuhi Shabani, aliyerudi usiku wa manane, alishaondoka na gari kabla hatujaamka kumpa habari ya msiba, na wanawake walikuja stoo kuchukua vyombo. Mama akafungua, akawapa kila kitu, kisha akanigeukia: "Kimbia kwa Lauriani, mwambie hata kama sikio halijakauka, tunalihitaji Jumbe." Nilikwenda na bajaji. Nilimkuta Lauriani anakoroga moto.

"Shikamoo, fundi. Nimefuata sufuria letu."

"Marahaba. Sufuria lipi tena?"

"Lile kubwa, alilokuletea Shabani kuziba."

Aliweka koleo chini, nikaona anaanza kuogopa. "Dada," akasema, "yeye aliniambia mmelitoa. Lile si liko chini ya gari?"

Nilirudi. Mama alikuwa peke yake stoo, anapanga sahani. Nilimwambia kwa maneno machache kadiri nilivyoweza. Hakupiga kelele wala hakukaa chini. Alishika ukuta kwa kiganja, akasema, "Usimwambie mtu mpaka watu wamalize kula," akatoka kwenda kupika. Walipika kwenye masufuria yote madogo, na ya kuazima majirani, mafiga yakazagaa uani kwa Bi Kidawa mpaka hakuna pa kupita. Wali ukawa unaiva kwa zamu, hili bichi, lile limeungua. Wanaume waliporudi makaburini walikula wa mstari wa kwanza, wa pili wakangoja, na wa tatu wakaambiwa wasubiri kidogo. Miongoni mwa hao walikuwemo ndugu wa marehemu waliotoka mbali tangu alfajiri. Nilikuwa nimeshika sahani mlangoni niliposikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, bila hasira, "Twende zetu, wali umekwisha." Ndani, kwenye mkeka, Bi Kidawa aliyekuwa ndio kwanza anaanza eda aliyasikia maneno yale. Aliinua macho kumtafuta mama.

Na ndipo tuliposikia honi. Shabani alikuwa ameshinda. Sampo lilikuwa limefanya kazi kama alivyosema, giaboksi haikuteleza hata mara moja, na kombe lilikuwa dirishani limeshikwa na mmoja wa marafiki zake. Walijazana watatu humo ndani, wamekalia bodi tupu, wanapiga kelele, na gari ikapanda tuta la kuingilia mtaani ikiwa imeelemewa. Mlio wa lile sampo kugonga niliusikia kutoka mlangoni kwa Bi Kidawa. Honi haikukatika mpaka walipoona turubai, na watu wamekaa, wote wamegeuka. Gari ikajikokota kupita mbele ya waliofiwa ikidondosha oili nyekundu, mstari mmoja mrefu katikati ya mtaa hadi mlangoni kwetu. Alumini ilikuwa imepasuka. Nilikuwa nimesema kweli tangu mwanzo, na kusema kweli hakukunisaidia kitu.

Siku chache baadaye walikuja wanawake watatu wametumwa na Bi Kidawa. Walikaa vizuri, wakanywa chai, wakaulizia afya. Mama hakungoja waseme. Alifungua pindo la kanga, akauweka ufunguo kwenye kisosi pamoja na kashata zilizobaki. Masufuria yakahamishwa siku ile ile na stoo ikabaki inanuka bila kitu. Mama hakumtaja mwanawe kwa mtu, hakujitetea, na hakwenda tena kwenye mikutano. Shabani alilia mbele yake kama mtoto, akasema atalipeleka sampo likayeyushwe, atanunua jingine, atafanya lolote. "Sufuria linanunulika," mama alimjibu. "Wale walikuwa wananiamini mie, Shabani." Shabani alirudisha sampo la kiwandani kwenye gari, akaiuza. Lile lililopasuka mama aliliweka kwenye kizingiti cha stoo, mahali ambapo hupiti bila kuliona, likakaa hapo miezi. Kisha siku moja halikuwepo, na tukasema vijana wa skrepa wamelibeba. Kipindi hicho hicho mama alianza kupikia vyungu vya udongo. Alisema masufuria yanaharibu ladha, na mie nikamtania kwamba sasa amekuwa mganga.

Shabani hakukimbiza gari tena. Miaka iliyofuata watu walimfuata, wanaoujua mkono wake. Aliitwa hata Zambia akashindane, akakataa bila kusema sababu. Alibaki kuwa fundi mwaminifu kupita kiasi, anayemrudishia mteja hata nati ya kutu kwenye mfuko wa nailoni. Watu walimsifu. Mie nilikuwa nikimtazama anavyoinamisha kichwa akipita kwa Bi Kidawa, mwanamume aliyekaribia kuwa na wajukuu, na sifa zile zilinichoma.

Nilipofika Temeke siku ya msiba, nilimkuta amesimama pale pale stoo, nayo ni tupu mpaka leo. "Nimeongea na mama ntilie mmoja," akaniambia. "Anaweza kuleta chakula kwenye ndoo." Hakuwa amemaliza sentensi tuliposikia watu uani. Walikuwa wanawake wa kikundi, wengi wao watoto wa wale niliowajua, na mbele yao Bi Kidawa, amekongoroka, anatembelea fimbo. Nyuma yake vijana wawili walikuwa wamebeba sufuria kubwa.

"Shikamoo, mama," Shabani alisema akitazama chini.

"Marahaba, mwanangu. Poleni. Mafiga yako wapi?" Kisha akagusa sufuria kwa fimbo. "Hili ni la kwenu. Mama yenu alilileta mwaka ule ule, haujaisha. Alibeba lile dude lako la gari, akachanganya na masufuria yake yote ya harusi, akasimama kwa Lauriani mpaka likamwagwa."

Nilikumbuka vyungu. Nilikumbuka nilivyomtania.

"Kwa hiyo mlimsamehe," Shabani alisema.

"Siku ile ile. Nilimrudishia na ufunguo, akaukataa. Alisema ukiuona kiunoni mwake utajua yamekwisha, na utarudi barabarani ukafe. Akatufunga midomo sote." Bi Kidawa alilieleza hilo kama jambo la kawaida kabisa, kama mtu anavyoeleza kwa nini mlango wa kuku hufungwa mapema. "Aibu ilikuweka hai, mwanangu."

Shabani alikaa juu ya kizingiti cha stoo. Mie nilijawa na hasira kwa mwanamke aliyelala ndani amefunikwa shuka nyeupe, hasira ambayo mpaka leo sijui niipeleke wapi. Mama alijua tangu mwaka ule kwamba atapikiwa na nani. Sie ndio alituacha tusijue. Alimwona mwanawe akiinamisha kichwa mwaka hadi mwaka, na neno la kumwinua alikuwa nalo, akalala nalo. Labda alimwokoa. Vijana kadhaa wa mbio zile hawakuzeeka, hilo ni kweli. Lakini mie nilimjua Shabani wa kabla, aliyechora kwenye unga, na yule hakuzeeka pia.

Tulimzika alasiri. Wanaume waliporudi makaburini walikula kwa mistari, na wanawake wakawa wanapakua bila kuharakisha. Shabani alikuja uani wa mwisho, udongo mwekundu umemganda mikononi. Nilimpa sahani, hakuipokea. Alisimama juu ya lile sufuria akatazama ndani.

"Dada, watu wote wamekula?"

"Wote."

"Na waliotoka mbali?"

"Na wa mbali."

Ndipo akanawa mikono.